Kijana wetu alipoanza kusikia sauti, na venye tumekaa naye

Kama uko na kijana kwa nyumba na umeanza kumwona anajibu mtu ambaye hayuko, nakuomba kitu kimoja kabla ya vingine vyote: usibishane naye kuhusu hiyo sauti, na pia usijifanye ati wewe unaisikia. Hapo katikati ndio mahali pa kukaa. Ni pembamba lakini panakalika, mimi nimekaa hapo na kijana wa sista yangu hapa Umoja, Nairobi, na nimeona venye inasaidia.

Sista yuko Qatar, anafanya kazi za nyumba, kwa hivo kijana nimekuwa nikiishi naye mimi tangu akiwa mdogo. Ana miaka 17, fomu tatu, alikuwa bodingi. Shule wakapiga simu nikamchukue, ati halali, anazunguka kwa bweni usiku akisema wenzake wanamsema, na wao walishaamua ni bangi tu, apumzike nyumbani atulie ndio arudi. Hakuna mtu alimuuliza kwa nini halali.

Vile alifika nyumbani mimi niliona si uchovu. Alibandika magazeti kwa dirisha na selotepu, kila pembe, mpaka chumba kikawa giza mchana. Simu yake akaiweka ndani ya sufuria, akafunika na kifuniko, akaiweka juu ya kabati. Chakula alikuwa anakula tu kile ameona kikipikwa, kwa hivo anasimama mlangoni mwa jikoni kutoka naweka maji ya ugali mpaka nimepakua. Na yeye ni mtu wa Arsenal, mechi haimpiti, lakini siku hizo TV inaonyesha mechi na yeye ameangalia ukuta. Alafu kuna hiyo ya kugeuza kichwa, hiyo ndio ilinishika sana, tumekaa tu kimya, hakuna mtu ameongea, na anageuka haraka kama mtu ameitwa kwa nyuma.

Sasa niseme hivi, kijana kujifungia chumbani si ugonjwa, wengi wanajifungia. Na si kila mtu akisikia sauti ni mgonjwa, mtu anaweza kusikia ameitwa jina pale usingizi unamchukua, na mtu aliyefiwa anaweza kumsikia marehemu akikohoa kwa nyumba na ni huzuni tu hiyo, mimi mwenyewe nilimsikia mama yangu baada ya mazishi. Chenye kilinitia wasiwasi ni kwamba vitu vilikuja pamoja na vilikuwa vinaongezeka: usingizi umeisha, haogi, marafiki amewakata, anaogopa, na vitu alivyopenda ameviacha. Vikija hivo kwa pamoja usingoje muhula uishe.

Nilimuuliza tukiosha vyombo. Nilichagua hapo makusudi kwa sababu mkiwa mnaosha vyombo hakuna kuangaliana usoni, kila mtu macho yako kwa karai, na kijana anayeogopa hapendi kukodolewa macho. Nikasema pole pole, "Naona ni kama kuna mtu anakuongelesha." Akanyamaza. Akasuuza kikombe kimoja mara mingi sana. Alafu akaniuliza, "Kwani wewe anti humsikii?"

Nikamwambia mimi simsikii, lakini najua wewe unamsikia, na naona anakutisha, anakuambia nini? Hiyo ndio sentensi yenyewe. Sikumwambia ni uongo, kwa sababu kwake si uongo, ile sauti anaisikia na masikio vile mimi nasikia redio, ubongo wake unaitengeneza na hauna njia ya kumjulisha kwamba ni yeye mwenyewe. Ukimwambia "hakuna mtu hapo" anachosikia ni kwamba na wewe umejiunga na wao, na ukisema "ee hata mimi namsikia" umeweka muhuri kwa kitu kinachomtesa.

Akaanza kutoa. Ni mwanaume, anaongea kutoka kwa ngazi, anasema watu wa ploti yote wanajua alichofanya. Amefanya nini? Hajui. Hajui lakini wanajua. Alafu akasema wakati mwingine anamwambia apande juu kwa rufu.

Sasa hapo ilibidi niulize moja kwa moja. "Anakuambia ujirushe?" Watu wengi wanaogopa hilo swali, wanafikiria ukilitaja umemtia mawazo. Haliweki mawazo, madaktari wanasema hivo na mimi nimeliona kwa macho, mabega yake yalishuka vile nililitaja kwa jina. Akasema ndio. Nikamuuliza, na wewe unataka? Akasema yeye hataki ila amechoka kuambiwa. Nikamshukuru kuniambia. Jioni hiyo hiyo nikaenda kwa keyateka, nikamwambia kwa faragha kijana wangu ni mgonjwa, naomba mlango wa rufu pale watu wanaanika nguo ufungwe na kufuli na funguo akae nayo yeye, mwenye kuanika amuitishe. Yule mzee hakuuliza maswali. Visu na makasi zangu za kushona nikaziweka mbali, dawa ya panya nikaitupa, panado zote zikaingia kwa mkoba wangu. Na usiku nikalala kwa kochi karibu na mlango wake. Sauti inayoamrisha mtu ajiumize au aumize mwingine si ya kungoja mwisho wa mwezi, hiyo ni hospitali mara moja, na mtu asiachwe peke yake hata dakika ya kwenda dukani.

Usiku huo huo ushauri ulikuwa mwingi. Jirani mmoja alisema ni majini, mwingine akasema amerogwa kwao. Kuna mtu alikuwa na mahali anakujua penye watu wanafungishwa njaa na kufungwa kamba wakiombewa, nikamwambia asante lakini hapana, na nilirudia hapana mpaka akaelewa. Pasta wetu yeye namheshimu mpaka leo, alikuja, akaomba kwa sauti ya chini, hakumshika kichwa, alafu mbele ya kijana akasema maombi yataendelea na daktari pia ni wa Mungu, mpeleke kesho. Familia nyingi zinafanywa zichague kati ya kanisa na hospitali, au kati ya msikiti na hospitali, na hakuna haja, kama pasta au shehe ni mtu mzuri mwombe aseme maneno hayo kijana akiwa anasikia, yanasaidia kuliko wewe kuyasema.

Ndugu yangu naye, mjomba wake, alikuwa na mpango. Tumwambie tunaenda Gikomba kununua viatu, akishaingia kwa gari tunafunga milango na tunaenda hospitali. Najua alisema kwa upendo, alikuwa anaogopa kama sisi wote. Lakini fikiria, huyu ni mtoto ambaye kichwa chake kinamwambia usiku na mchana kwamba watu wanapanga kitu juu yake kwa siri. Alafu sisi tunapanga kitu juu yake kwa siri. Angekuwa sawa kutoamini mtu tena, na dawa angezikataa zote. Nikamwambia ndugu yangu tutamwambia ukweli ata kama itachukua usiku mzima.

Na ilikuwa ngumu kwa sababu alisema wazi, "Mathari siendi, mimi si wazimu." Si unajua hapa Nairobi hilo jina limekuwa tusi, mtu akikosea kidogo anaambiwa atapelekwa Mathari. Ile hospitali iko pale Thika Road tangu enzi za wakoloni, ilianza kama mahali pa kutenga wagonjwa wa ndui, 1910 ikafanywa ya wagonjwa wa akili na jina la Kizungu walilolipa lilikuwa la matusi kabisa, jina la Mathari likakuja 1924. Kwa hivo ile aibu imerithiwa, si yake. Sikubishana naye kuhusu neno wazimu. Nilishika kile yeye mwenyewe alikuwa analalamikia, usingizi na uoga. Nikamwambia, "Hujalala vizuri, na kuna mtu anakutukana mchana kutwa. Pale kuna daktari wa vitu hivo. Nitakaa na wewe kila mahali watakuruhusu nikae, na kitu wakitaka kukupa nitauliza ni nini kabla umeze." Akauliza kama atabaki huko. Nikasema sijui, daktari akisema abaki nitamwambia mimi mwenyewe, hatasikia kwa mtu mwingine. Akakubali ikifika karibu asubuhi.

Tuliondoka kabla ya jam. Matatu za Umoja ni kelele na taa, kijana kama huyo ukimweka hapo unamwongezea, kwa hivo jirani alitupeleka na Probox yake, redio imezimwa, yeye amekaa dirishani na mimi kando yake na mjomba mbele. Hakuna mtu alimbana katikati. Watu watatu wakiongea mara moja na ile sauti nayo inaongea, hawezi kujua ajibu nani, kwa hivo tulikubaliana naongea mimi tu.

Mjomba alikuwa ameninong'onezea nisitaje ile ya rufu kwa daktari, ati kijana atashikwa na polisi. Hiyo hofu haikutoka hewani, kifungu cha 226 cha sheria ya jinai kilikuwa kinafanya kujaribu kujiua kuwa kosa, na Mahakama Kuu ilisema mwezi wa Januari 2025 kwamba kifungu hicho kinaenda kinyume na katiba. Lakini ata kabla ya hapo kumwambia daktari una mawazo ya kufa hakukuwa kosa. Niliyasema yote na daktari akaandika, na ndio kitu kilifanya tuhudumiwe haraka.

Walimpima damu, malaria, sukari, virusi, wakauliza kama aliwahi kuanguka kifafa, kama aligonga kichwa, kama alikuwa na homa. Mimi nilishangaa, nikafikiri tumekuja kwa mambo ya akili, mbona malaria? Lakini malaria ikipanda kichwani inaweza kumfanya mtu aone na kusikia vitu, homa kali hivo hivo, kifafa cha aina fulani, sukari ikishuka sana, na mlevi wa kila siku akiacha pombe ghafla. Mtu anayeona vitu, si kusikia tu, au aliyechanganyikiwa ata hajui ni wapi na ni saa ngapi, hapo ndio wanatafuta sana ugonjwa wa mwili. Alafu daktari akaniomba nitoke. Nilitoka bila kununa. Kijana alimwambia yeye vitu hakuniambia mimi, ikiwemo bangi huko shuleni na muguka kidogo wakati wa mitihani. Bangi kali inaweza kuwasha hii kitu, hasa kwa kijana ambaye kichwa chake tayari kina mwelekeo huo, na miraa na muguka zikimnyima mtu usingizi zinachochea pia. Lakini kuna wengi walivuta naye na hawasikii kitu, na kuna wengine hawajawahi kuvuta na wanasikia, kwa hivo ile ya shule kusema "ni bangi tu" alafu kufunga faili, hapana, hata kama bangi iko mtoto bado anahitaji daktari.

Sista kila akipiga simu kutoka Qatar swali lilikuwa moja, ni ugonjwa gani, uitwe jina. Daktari hakumpa jina kubwa, alisema ni saikosisi ya kwanza, yaani mara ya kwanza mtu anasikia au kuamini vitu ambavyo havipo, na tutaangalia. Nilimweleza sista venye nilielezwa: magonjwa haya mara nyingi yanaanza miaka ya ujana, kutoka kumi na kitu kule mwisho mpaka ishirini na kitu, na kwa mfano skizofrenia, vitabu vya Marekani vinataka dalili ziwe zimekaa angalau miezi 6 ndio useme ni yenyewe. Kuna saikosisi inayoletwa na dawa za kulevya ikaisha, kuna ya bipola, ule ugonjwa wa hisia kupanda sana na kushuka sana, kuna ya huzuni nzito. Kinachojulikana ni kwamba ukitibiwa mapema unaendelea vizuri kuliko ukikaa nayo. Sista alilia sana siku hiyo, nikamwacha alie, alafu nikampa kijana simu wakaongea kuhusu Arsenal.

Sasa dawa. Hapa ndio familia nyingi zinaachia na ndio maana nataka niseme polepole. Alianzishiwa haloperidol, ni dawa ya zamani na inafanya kazi, na nesi alinivuta kando akaniambia ukiona shingo inavutwa upande mmoja au macho yamepanda juu au ulimi umekaza, ni dawa, usiogope, mlete upesi. Na ikawa. Jioni moja shingo ikaanza kujikunja kwenda kushoto, taya imekaza, macho yameangalia dari na hawezi kuyashusha, na anaelewa kila kitu, anajaribu kuniita anti na neno halitoki. Majirani walijaa mlangoni, mmoja akapiga kelele ati pepo linatoka. Nikawaambia ni dawa, naombeni njia. Hospitali ya karibu walimpa sindano na haikuchukua muda shingo ikaachia, kama vile mtu amefungua fundo. Nimefikiria sana kuhusu hiyo jioni, kwa sababu kama yule nesi hangeniambia, mimi pia ningeamini majirani, dawa ingetupwa na tungekuwa mahali pengine kabisa leo. Kwa hivo mtu wako akipewa dawa uliza, itamfanya nini mwilini, gani ni ya kuvumilia na gani ni ya kukimbia hospitali.

Walimbadilishia wakampa olanzapine. Hiyo shingo haikumsumbua tena lakini njaa, jamani, anakula anamaliza anaangalia sufuria, na mwili ukaongezeka. Tukaongea na daktari, wanampima uzito na sukari, na anatembea kwenda mpaka Donholm na kurudi jioni na rafiki yake mmoja ambaye hakumwacha. Kujisikia vizuri hakujamfanya aache dawa, na hii tulielewana mapema, kujisikia vizuri ndio dawa inafanya kazi, na kuzikata ghafla kunaweza kurudisha yote. Akitaka kupunguza anamwambia daktari, si mimi nipunguze kwa jikoni.

Usingizi ndio ulirudi kwanza. Sauti haikuzimika kama stima, ilirudi nyuma kidogo kidogo, kutoka kwa ngazi ikaenda kwa ploti ya pili, hivo ndivyo alivyoniambia, alafu maneno yakaanza kukosa kueleweka. Nilijifunza kuuliza "leo iko wapi" badala ya "umepona?" Siku moja aliniambia kitu sikutegemea, ati cherehani yangu ikikimbia, ndani ya ule mlio kuna maneno. Mimi nashona nyumbani, mlio huo ni wa siku nzima. Feni pia, na maji yakijaza tangi. Mlio wa kurudia rudia unaipa sauti mahali pa kushikilia. Nikahamisha cherehani kwa kibanda cha rafiki yangu fundi, nyumba ikapumua. Akavumbua na yeye vyake, kusoma gazeti kwa sauti kubwa, kuimba wimbo chini chini, kuweka eafoni kwa sikio moja, kwa sababu wakati mdomo wake unafanya kazi ile sauti inapungua. Wengine wanaosikia sauti wanasema hivo pia. Magazeti ya dirishani aliyabandua mwenyewe, kuanzia pembe moja, na sikumsaidia kwa sababu hakuniomba.

Binti yangu ana miaka tisa na aliniuliza kwa nini kaka anaongea peke yake. Nikamjibu kwamba anasikia sauti ambayo sisi hatuisikii, inamtisha, daktari anamsaidia, na si kitu cha kumchekelea wala kusimulia shuleni. Akauliza kama inaambukiza. Haiambukizi. Akaenda kucheza. Watoto wanataka jibu fupi la ukweli, ukiwaficha wanajitengenezea lao.

Shule alirudi nyingine, ya kutwa, na barua ya daktari. Mwalimu mmoja tu ndio anajua yote, tulimchagua na yeye mwenyewe, na wamekubaliana kwamba siku mbaya anaweza kutoka darasani bila kuomba mbele ya watu. Bado ana siku mbaya, hasa akikosa kulala au mitihani ikikaribia. Tuna ishara zake tumeandika pamoja: akianza kukesha, akifunika simu, akikataa chakula asichoona kikipikwa, tunapiga simu kliniki bila kungoja tarehe. Alikubali hiyo orodha akiwa mzima na ndio maana anaikubali akiwa hayuko sawa.

Ukiwa unajiandaa kwenda mara ya kwanza, nunua daftari ya kawaida uandike: lini ilianza, analala saa ngapi, anakula nini, anasema nini kwa maneno yake mwenyewe, dawa zozote anameza pamoja na za miti shamba, na nani kwa ukoo aliwahi kuwa hivo ata kama mlikuwa mnasema amerogwa. Daktari ana dakika chache na wewe umechoka, daftari itakukumbusha. Kama ni mtoto chini ya miaka 18 laini ya watoto ni 116, na ya Msalaba Mwekundu ni 1199, zote ni za bure, unaweza kupiga wewe mwenye kulea ata kama kijana mwenyewe hayuko tayari kuongea. Lakini akitaja kufa usiku, usikae na laini peke yake, amsha jirani mwenye gari.